Je, Yafaa Mkristo Aufundishe Mkono Wake Kupigana?



Katika usharika ninaoutunza hapa Kigoma lilitokea shauri lililotugawanya, nami naliandika hapa kwa sababu najua ya kuwa litawafikia ninyi pia, kama halijawafikia. Yuko kijana wetu mmoja, mvuvi wa dagaa, mtu wa sala, ambaye kila Jumapili huwafundisha watoto kabla ya ibada. Kijana huyu, siku asizokwenda ziwani, hupanda Mwanga wakati wa jioni pamoja na wenzake kujifunza karate. Huko hufundishwa kupiga kwa ngumi na kwa teke, kukinga, na kumwangusha mtu. Wazee wa kanisa walipopata habari waliniletea neno lao, nalo lilikuwa hili: Mtu afundishwaye kupigana jioni, aweza kuwafundisha watoto habari za Mwana-Kondoo asubuhi? Wakataka aondolewe katika kazi ile. Wala sitaki kuwaficha: moyo wangu ulikuwa pamoja na wazee.

Lakini si haki kulihukumu jambo tusilolijua. Basi nalianza kwa kuuliza habari za elimu yenyewe. Karate yatoka kisiwa cha Okinawa katika nchi ya Japani. Mwalimu wa shule mmoja, jina lake Gichin Funakoshi, aliionyesha mjini Tokyo mwaka 1922, kisha akaieneza. Na jina la karate maana yake ni mkono mtupu, yaani mkono usio na silaha. Jamaa yake ni judo, aliyoianzisha Jigoro Kano katika mji uo huo mwaka 1882, nayo yafanana na mieleka waliyoijua babu zetu, ila imewekewa sheria nyingi zaidi. Mambo mawili katika elimu hizi yalinishangaza. La kwanza, Funakoshi alifundisha ya kuwa katika karate hakuna pigo la kuanza. Mwanafunzi hafundishwi kumwendea mtu, bali kumpokea amjiaye. La pili, mwanafunzi wa judo, kabla hajafundishwa kumwangusha mwenziwe, hufundishwa kuanguka yeye mwenyewe, mara nyingi, kwa kushoto na kwa kuume na kwa nyuma, hata asiiogope tena ardhi. Nikajiuliza ni wangapi kati yetu sisi wahubiri tuliofundishwa kuanguka kabla ya kupandishwa mimbarini.

Mzee mmoja alisema kwamba kule kuinama mbele ya mwalimu ni ibada ya sanamu. Nalimwuliza kijana, naye akanijibu, “Baba Mchungaji, twainama kama tuwaamkiavyo wakubwa wetu. Hatumwombi mtu wala picha.” Ikiwa ndivyo, hapana neno. Ibrahimu naye aliinama mbele ya wana wa Hethi alipotaka mahali pa kumzika Sara, wala hakuwaabudu (Mwanzo 23). Lakini mwalimu ye yote akimtaka mwanafunzi aombe mizimu, au avae hirizi ili ngumi yake iwe nzito, hapo Mkristo na atoke siku ile ile.

Basi shauri letu halikuwa juu ya kuinama, wala juu ya nguo nyeupe wanazovaa. Lilikuwa juu ya hasira na damu. Na hapa sina budi kulieleza kosa la kijana, maana alikosa kweli. Usiku mmoja mlevi alimtukana njiani, akamtukania na mama yake. Mlevi yule hakuwa na fimbo wala kisu. Hata kusimama hakuweza vema. Kijana akampiga pigo moja tu, na yule mtu akapoteza meno mawili. Kabla ya jua kuchomoza kijana alikuwa ameketi barazani kwangu, asiweze kunitazama. Akasema, “Baba, mkono ulikwenda kabla yangu.” Nikamtuma kwa yule mtu akaombe radhi na kumlipia matibabu, akaenda, akalipa kidogo kidogo muda wa miezi miwili. Habari ile ndiyo iliyowafikia wazee, na haki walikuwa nayo ya kuona uchungu.

Katika siku zile nalikuwa nikisoma kitabu cha Kutoka, sura ya 2, nikaona jambo nililolipita mara nyingi bila kulitazama. Sura ile moja yatuonyesha Musa akiunyosha mkono wake mara mbili. Mara ya kwanza amwona Mmisri akimpiga Mwebrania. Atazama huku na huku, aona hapana mtu, amwua Mmisri na kumficha mchangani. Mara ya pili yuko kisimani Midiani, na wachungaji wanawafukuza binti za kuhani wasiwanyweshe kondoo wao. Musa asimama, awasaidia, kisha alinywesha kundi lao. Mkono ni ule ule, na mara zote mbili alimtetea aliyeonewa. Lakini mara ya kwanza alitazama kwanza kama yuko shahidi, na kazi ya mkono wake ikaishia katika kufukia maiti. Mara ya pili hatusomi kwamba alimwua mtu, wala kwamba aliwafuatia wale wachungaji. Twasoma habari za maji. Hapo nalipata kipimo, nacho ni hiki: mkono uliopigana wajulikana kwa kazi yake ya pili. Je, wafanya nini baada ya kupigana? Wafukia, au wateka maji?

Nalikuwa na kipimo, lakini bado nalikiona kama jambo la kitabuni. Halafu Jumamosi moja nalikuwa mwaloni Kibirizi, nikingoja mashua ya kwenda vijiji vya kaskazini. Ghafula nalisikia kelele za “Mwizi!” Mtoto wa kiume, labda wa miaka 14, alidhaniwa ameiba petroli ya injini ya mashua. Kufumba na kufumbua watu walikuwa wamejaa, wengine na makasia, wengine na mawe. Ninyi mwajua mambo kama hayo huishia wapi. Mimi nalikuwa pale, nimevaa kola ya kichungaji, na wengi katika wale watu wanijua kwa jina. Nalifungua kinywa, na sauti haikutoka. Nalijiambia kwamba watu wamekasirika, hawatanisikia; nikajiambia kwamba polisi watakuja sasa hivi. Maneno yale yalikuwa woga, nao ulivaa nguo za busara.

Ndipo nalipomwona kijana wetu akiziacha nyavu alizokuwa akizitengeneza. Alipenya katikati ya watu, akasimama juu ya yule mtoto aliyekuwa amelala chini. Kasia la kwanza alilikinga kwa mkono. La pili likampata begani. Mtu mmoja aliyeinua jiwe alishikwa naye kifundo cha mkono hata jiwe likaanguka, kisha akaachiliwa. Hakumpiga mtu hata mmoja. Alikuwa akisema tu, kwa sauti isiyo kubwa, “Tumpeleke polisi. Tumpeleke polisi.” Akalirudia neno lile hata mzee mmoja Mwislamu wa Ujiji, mnunuzi wa dagaa, akaja akasimama ubavuni pake, kisha wakaja wanawake wawili waliokuwa wakianika dagaa, na mwisho wa wote, naona haya kuandika, nikaja mimi. Tulimfikisha mtoto kituoni akiwa hai. Kama aliiba au hakuiba, hilo ni la hakimu. Lakini kesho yake, baada ya ibada, nalipata habari kwamba kijana, mkono wake ukiwa umevimba, alimpelekea yule mtoto chakula kituoni. Nikakumbuka maji ya Midiani.

Nalimwuliza, “Mwanangu, hukuogopa?” Akasema, “Naliogopa, Baba. Lakini nimepigwa mara nyingi katika mazoezi, nami najua ya kuwa pigo si mwisho wa mtu. Asiyelijua hilo ndiye apigaye kwanza.”

Ndugu zangu, nimelifikiri neno lile siku nyingi. Sisi twadhani kwamba ukali huzaliwa na nguvu, na kwa hiyo twawaogopa wenye nguvu. Lakini umati ule wa Kibirizi haukuwa na nguvu. Ulikuwa na woga: woga wa kuibiwa, woga wa njaa, woga wa kila mmoja kuonekana mnyonge mbele ya mwenziwe. Nami nalikuwa na woga ule ule, ila wangu ulinyamaza. Mtu mmoja tu alikuwa ameufundisha mwili wake kutotawaliwa na woga, naye ndiye aliyeweza kuwa mpole. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya wapiganao ngumi, asema kwamba mtu ampigaye na kumtumikisha ni mwili wake mwenyewe (1 Wakorintho 9). Anayeupiga mwili wake hata umtii, huyo aweza kuambiwa “acha,” naye akaacha.

Lakini mtauliza, Na shavu la pili, alilolisema Bwana katika Mathayo 5? Nami sithubutu kulipunguza neno lile. Bwana mwenyewe alilitimiza. Alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha pigo. Wala hakusema kwamba pigo lile lilikuwa haki, bali aliuliza, Wanipigia nini? (Yohana 18). Lakini angalieni, Bwana asema juu ya shavu la huyo anayepigwa. Shavu langu ni langu, naweza kuligeuza. Shavu la jirani yangu si langu, sina haki ya kulitoa. Mtoto yule aliyelala mchangani hakuniambia nimtolee shavu lake kwa watu wenye makasia. Mimi nalilitoa kwa kunyamaza.

Na hapa naungama jambo jingine. Nimepata kumwambia mwanamke aliyepigwa na mumewe, “Vumilia, geuza shavu.” Neno ambalo Bwana alimpa mwenye shavu, mimi nililitumia kumlinda mwenye mkono. Mungu anisamehe, na mwanamke yule anisamehe. Mwili wa binti na wa mke ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama ulivyo mwili wa mwanamume. Naye akijifunza kujihami ili asiharibiwe njiani, hafanyi dhambi. Hata torati, katika Kutoka 22, yatenganisha kati ya mtu ampigaye mwizi avunjaye nyumba usiku na yule ampigaye jua likiwa limekwisha kucha. Kwa mmoja kuna haja, kwa mwingine kuna kisasi. Sheria ya nchi yetu nayo yampa mtu haki ya kujitetea, lakini kwa nguvu isiyozidi haja.

Baba yetu Martin Luther alilipima jambo hili katika kitabu chake juu ya mamlaka ya dunia, mwaka 1523, na tena mwaka 1526 alipomjibu askari mmoja, Assa von Kram, aliyetaabika moyoni kama askari naye aweza kuokolewa. Mafundisho yake kwa ufupi ni haya: Mkristo kwa ajili ya nafsi yake huvumilia mabaya, lakini kwa ajili ya jirani, upendo hauwezi kuketi ukitazama. Tena Luther alisema hayo hasa juu ya wenye mamlaka. Hakumpa kila mtu upanga. Na tukiri pia ya kuwa mwaka 1525, wakulima wa Ujerumani walipoasi, yeye mwenyewe aliandika juu yao maneno makali mno, yaliyowahimiza wakuu kuwaua, na watu wengi sana waliuawa. Kumbe hata kalamu yaweza kwenda kabla ya mwenyewe.

Lakini mtu afanye nini akiwa hana nguvu za kuzuia? Sisi wa ufuko huu tunao mfano karibu nasi. Twalijua kumbukumbu la Ujiji, mahali David Livingstone alipoonana na Stanley mwaka 1871. Ni wachache wakumbukao alikuwa ametoka wapi. Tarehe 15 Julai mwaka ule alikuwa Nyangwe, penye mto Lualaba katika Kongo, na watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakaupiga risasi umati wa soko, wengi wao wanawake. Mamia walikufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Livingstone alikuwa pale. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga wauaji kwa bastola yake. Lakini Dugumbe, mfanyabiashara aliyekuwa mkubwa mahali pale, alimsihi asijitie katika kisasi cha damu, naye akajizuia. Akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba, mgonjwa na mwenye huzuni. Lakini yote aliyoyaona aliyaandika. Stanley akazichukua barua zake, zikasomwa Uingereza mwaka 1872, watu wakachukizwa sana. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Sababu za mkataba ule zilikuwa nyingi, na barua zile zilikuwa mojawapo. Bastola moja ingaliongeza maiti mmoja au wawili. Mkono wa Livingstone haukupiga, lakini haukulala, uliandika. Wangu, siku ile mwaloni, haukupiga wala haukuandika. Asiyeweza kukinga kwa mkono na akinge kwa sauti, na asiyeweza kwa sauti na ashuhudie. Lakini kusimama kando na kuita kule kusimama upole, hilo Mungu hakuliagiza.

Tena ziwa hili latuunganisha na watu walioyajua mapigo kuliko sisi. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, meli ya Liemba ikawaleta Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wengi wenu mliwapokea kwa uji na mablanketi. Mwaka uo huo Mrundi mwingine, Parfait Hakizimana, alikimbilia Rwanda, kambi ya Mahama. Huyu alipokuwa mtoto, mwaka 1996, mama yake aliuawa katika shambulio, naye akapigwa risasi katika mkono wa kushoto. Akajifunza taekwondo, elimu ya kujihami ya Wakorea, akiwa na mkono ule dhaifu. Na huko Mahama akawakusanya watoto wa wakimbizi akawafundisha. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo kushindana katika michezo ya Olimpiki ya walemavu. Hakurudi na nishani. Lakini fikirini, mtu kama huyu angaliweza kuwafundisha watoto wale kisasi, nao wangalimsikiliza, maana wengi walikuwa na sababu zao. Yeye aliwafundisha kuinama, kukinga, na kushika sheria za mchezo.

Basi tulipokutana tena barazani, naliwaeleza wazee mambo ya Kibirizi, nikaanza na kunyamaza kwangu. Walikaa kimya kitambo. Mzee mmoja akasema, “Watoto na wafundishwe na yeye aliyesimama.” Wengine wakakubali. Lakini mzee mwingine akasema, “Nasikia yote. Ila meno ya yule mlevi hayakurudi.” Sikumjibu, kwa kuwa asema kweli, nami namshukuru kwa kutukumbusha. Kijana anaendelea kuwafundisha watoto, naye mwenyewe ameomba mzee yule awe mlezi wake, amwulize kila mwezi habari za mkono wake.

Ninyi walimu, mkijiwa na kijana mwenye shauri kama hili, msimfukuze, wala msimsifu upesi. Mwulizeni mambo matatu. La kwanza: Wajifunza ili usiogope, au ili uogopwe? Atakaye kuogopwa amekwisha kupotea kabla ya kupiga. La pili: Ni nani aliye nyuma ya mkono wako, nafsi yako au jirani yako? Tusi si kisu, na heshima yetu imewekwa kwa Kristo, haiwezi kuibiwa njiani na mlevi. La tatu: Ukiisha kuzuia, mkono wako utafanya nini? Petro alilikata sikio la mtumishi katika bustani, lakini Bwana, ambaye angaliweza kuita majeshi ya malaika, alinyosha mkono wake akaligusa sikio lile akaliponya (Luka 22). Saa chache baadaye mikono ile ile ilipigiliwa misumari.

Mikono ile na ifundishe mikono yetu. Bwana atupe nguvu bila kiburi na upole bila woga, nasi tusiyafumbe macho yetu mbele ya mtu aliyelala chini akipigwa. Amin.